Bahari inapanda, na sisi tumeuzuia ufukwe usihame

Tatizo la bahari kupanda ni kwamba inatajwa kwa milimita, na milimita hazimtishi mtu. Ukiambiwa maji yanapanda milimita 4 na kidogo kwa mwaka unaangalia ukucha wako unaona ah, hicho nacho ni kitu, si mpaka nazeeka hayajanifika hata magotini. Kihesabu ni kweli. Lakini ufukwe wenyewe haufuati hesabu hiyo, na mi naandika haya kwa sababu inaniuma kuona watu wanapoteza nyumba, visima, mashamba na mpaka makaburi ya wazee wao huku mjadala mzima umeganda kwenye milimita.

Hebu tuanze mbali kidogo. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ikiwa imeifunika Canada na kaskazini ya Ulaya, bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita kama 120. Mita 120 jamani! Uingereza ilikuwa imeshikana na bara la Ulaya, kutoka Siberia mpaka Alaska mtu angevuka kwa miguu, Unguja ilikuwa sehemu ya bara la Afrika (Pemba hapana, mkondo wake una kina kirefu mno). Halafu barafu ikaanza kuyeyuka na bahari ikapanda kwa maelfu ya miaka, kuna kipindi, kama miaka 14,500 iliyopita, ilipanda zaidi ya mita 10 ndani ya karne chache tu. Mabonde ya mito yakajaa maji yakawa ghuba na bandari, vilima vikabaki visiwa. Bandari ya Sydney na ghuba ya Chesapeake kule Marekani ni mabonde ya mito yaliyomezwa namna hiyo, na zile hori ndefu za Norway ni mabonde yaliyochongwa na barafu kisha bahari ikaingia ndani. Na ukirudi nyuma zaidi, miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu ya hii ya leo kwa mita kadhaa, ndo maana sehemu nyingi za dunia unakuta majabali ya matumbawe yaliyokufa zamani yamesimama nchi kavu.

Kwa hiyo pwani kuhama ni jambo la siku zote. Kilichobadilika ni kwamba miaka kama 6,000 au 7,000 iliyopita bahari ilitulia, na katika utulivu huo ndo delta kubwa unazozijua zikajengeka, Nile, Mekong, Ganges, Mississippi, mto unaleta tope, bahari haipandi haraka, tope linapata muda wa kujikusanya linakuwa ardhi nzuri tambarare yenye rutuba, watu wanakuja kulima, kisha bandari, kisha miji ya mamilioni. Yaani karibu kila mji wa pwani duniani umejengwa kwa kuamini kwamba bahari itakaa hapohapo. Leo watu karibu milioni 900 wanaishi kwenye maeneo ya mwambao yaliyo chini ya mita 10 kutoka usawa wa bahari, na huo utulivu umekwisha.

Umekwisha vipi? Kati ya 1901 na 2018 bahari ilipanda kwa wastani wa sentimita 20 duniani kote. Ukigawa unapata chini ya milimita 2 kwa mwaka, ila kasi haikuwa moja. Satelaiti zilianza kupima bahari kwa uhakika mwaka 1993, wakati huo kasi ilikuwa milimita 2 hivi kwa mwaka, sasa hivi imepita 4, imekuwa mara mbili ndani ya kizazi kimoja. Sababu ni joto. Maji yakipata joto yanatanuka, hilo peke yake ni sehemu kubwa, halafu kuna barafu ya milimani inayoyeyuka, na yale mabarafu makubwa mawili, Greenland na Antaktika. Ya Greenland ikiisha yote bahari inapanda mita 7 na zaidi, ya Antaktika ni mita 58 hivi. Hakuna anayesema zitaisha karne hii, makadirio ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, kufikia 2100 ni kati ya sentimita 28 na mita 1 kutegemea tutachoma mafuta na makaa kiasi gani, na wenyewe wanasema barafu ikivunjika kwa namna ambayo haijaeleweka vizuri inaweza kuzidi hapo. Na hata tukiacha kuchafua hewa leo saa hii, bahari itaendelea kupanda kwa karne nyingi maana joto limeshaingia kwenye kina na linachelewa sana kutoka.

Sasa huo ni wastani, na wastani ndo unaowapoteza watu. Wengi wanaifikiria bahari kama maji kwenye beseni, ukiongeza kikombe kimoja yanapanda sawasawa pande zote. Hapana. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba inayavuta maji ya bahari kuelekea kwake, ikiyeyuka uvutano unapungua, maji ya karibu nayo yanashuka na yale ya mbali yanapanda zaidi ya wastani, kwa hiyo barafu inayeyuka Aktiki na anayelipa ni mtu wa ikweta. Stockholm nako, na ghuba ya Bothnia (kati ya Sweden na Finland) kwa ujumla, bahari inaonekana inarudi nyuma mwaka hadi mwaka kwa sababu ardhi yenyewe bado inainuka baada ya kutuliwa mzigo wa ile barafu ya zamani, sehemu nyingine karibu sentimita 1 kwa mwaka, watu wanapata ardhi mpya bure.

Na kuna kwingine ardhi inatitia. Hapa ndo pananikera kuliko pote kwa sababu huku kutitia mara nyingi ni kazi ya mikono yetu. Jakarta ya kaskazini kuna maeneo yametitia kwa kasi iliyozidi sentimita 10 kwa mwaka, linganisha na hizo milimita 4 za bahari! Mji umevuta maji ya chini ya ardhi kwa miaka na miaka kwa sababu maji ya bomba hayawafikii watu wote, udongo unabaki mtupu unajibana, majengo juu yake yanaukandamiza, na leo kuna mitaa iko chini ya usawa wa bahari na inalindwa na ukuta tu. Mtu wa mtaa huo ukimwambia bahari inapanda milimita 4 atakushangaa, kwake yeye inapanda kwa sentimita. Tokyo walipitia hayohayo, kuna sehemu ya mji ilishuka zaidi ya mita 4 katika karne ya 20, wakabana uvutaji wa maji ya chini kwa sheria na kutitia kukasimama. Ardhi iliyoshuka haikurudi juu, lakini ilisimama. Kwa hiyo dawa inajulikana na wala haihitaji kusubiri mkutano wa dunia nzima.

Halafu kuna mchanga. Ufukwe ni mchanga unaosafiri, unatoka mtoni, unasukumwa na mawimbi pembeni mwa pwani, unaingia hapa unatoka pale, na ufukwe unaouona umetulia ni kwamba unaoingia na unaotoka unalingana. Ukijenga bwawa mtoni umekata unaoingia. Bwawa kuu la Aswan lilipokamilika 1970 tope la Nile likabaki nyuma ya ukuta na ncha za delta kule Rosetta zikaanza kuliwa. Bwawa la Akosombo, Ghana, 1965, mto Volta ukaacha kuleta mchanga kama zamani na mji wa Keta, ambao mmomonyoko ulikuwa umeshauanza, ukazidi kuliwa. Louisiana wamepoteza ardhi ya karibu kilomita za mraba 5,000 tangu miaka ya 1930, na bahari peke yake haikufanya hivyo, mto Mississippi umefungwa kwa matuta usimwage tope pembeni na mabwawa yamezuia lililokuwa linakuja, mifereji ya kampuni za mafuta nayo ikakatakata vinamasi vya nyasi na kuingiza chumvi. Ukichimba mchanga wa ujenzi mtoni ni hivyohivyo. Mekong wamechimba mpaka sakafu ya mto imeshuka, na maji ya chumvi sasa yanapanda ndani zaidi msimu wa kiangazi kuliko zamani.

Bahari ikipanda juu ya ufukwe ambao mchanga wake umekatwa inakuwa mambo mawili kwa pamoja. Kuna kanuni ya zamani ya mhandisi Per Bruun, ya 1962, inayosema ufukwe wa mchanga unarudi nyuma mara 50 hadi 100 ya kiasi ambacho bahari imepanda. Wataalamu wengi wanaipinga, wanasema pwani halisi ina mambo mengi mno kwa kanuni nyepesi vile, na mi naona wana haki, lakini wazo la msingi linasaidia kuelewa: ufukwe ni mteremko mlalo, maji yakipanda kidogo kwenda juu yanasafiri sana kwenda ndani. Sentimita 20 juu zinaweza kuwa mita nyingi ndani.

Mfano ninaoupenda ni mnara wa taa wa Cape Hatteras, Marekani. Ulipojengwa 1870 ulikuwa mita kama 450 kutoka majini. Kisiwa chenyewe ni fungu refu jembamba la mchanga linalojikunja taratibu kuelekea bara, mawimbi yanaupeleka mchanga upande wa pili, ndo namna visiwa vya aina hiyo vinavyoishi. Kufikia 1970 bahari ilikuwa haifiki mita 40 kutoka kwenye mnara. Walijaribu kuta, walijaribu kumwaga mchanga, mwisho mwaka 1999 wakaunyanyua mnara mzima wakausogeza ndani mita karibu 880. Kisiwa kikaachwa kiendelee na safari yake. Mnara wa taa lakini ni mmoja, mtaa wenye nyumba elfu moja huunyanyui, na hapo ndo moyo wa suala zima ulipo.

Maana ufukwe ukipewa nafasi unahama na unabaki kuwa ufukwe. Mikoko nayo inahama, miche inaota upande wa ndani wakati ile ya mbele inakufa, na mizizi inakamata tope kiasi kwamba msitu unaweza kujiinua pamoja na bahari, utafiti wa 2020 ulionyesha mikoko inashindwa pale kasi inapozidi milimita 6 au 7 kwa mwaka. Tuko 4 na kitu. Bado kuna nafasi, lakini nyuma ya mikoko tumejenga barabara, mabwawa ya kamba, hoteli, kuta. Mbele bahari, nyuma zege, msitu unabanwa katikati mpaka unaisha, na ukiisha hiyo zege inabaki inapigwa na mawimbi moja kwa moja. Ufukwe uliofungwa na ukuta ni hivyohivyo, wimbi linagonga ukuta linarudi na nguvu zake linachota mchanga wa mbele, baada ya miaka kadhaa huna ufukwe una ukuta tu na maji marefu chini yake, na mchanga ambao ungekwenda kwa jirani haufiki. Jirani naye anajenga ukuta. Bandari ya Lomé kule Togo, iliyojengwa miaka ya 1960, iliziba njia ya mchanga unaosafiri kuelekea mashariki, na vijiji vya upande wa mashariki vimekuwa vikiporomoka baharini tangu hapo. Watu ambao hawajawahi kunufaika na meli hata moja.

Kuna kisa cha Saint-Louis, Senegal, ambacho kila mhandisi wa pwani angepaswa kukijua. Mji upo kwenye mdomo wa mto Senegal, mbele yake kuna ulimi mrefu mwembamba wa mchanga unaoitwa Langue de Barbarie ambao unautenga mto na bahari kwa kilomita nyingi. Mwaka 2003 mto ulifurika, mji uko hatarini, ikaamuliwa kukatwa mfereji kwenye ule ulimi kusini mwa mji ili maji yapate njia ya mkato. Mfereji wa mita 4 tu upana. Mafuriko yakashuka haraka kweli, kwa siku zile lilikuwa ni jibu. Lakini bahari ikaingia palepale, mfereji ukapanuka kwa kasi na ndani ya miaka michache ukazidi kilomita moja upana. Mawimbi ambayo zamani yaliishia kwenye mchanga yakaanza kupiga ng'ambo, kijiji cha Doun Baba Dieye kikamezwa, chumvi ikaingia kwenye mashamba ya mboga, wavuvi wakaanza kufa kwenye mawimbi ya ule mlango mpya kwa sababu maji yake hayatabiriki. Siwalaumu walioamua usiku ule, mji mzima ulikuwa unakaribia kuzama. Nachosema ni kwamba ulimi wa mchanga ulikuwa unafanya kazi kubwa kuliko ukuta wowote na hakuna aliyekuwa anaihesabu mpaka ulipokatika.

Na msiba mkubwa wa pwani haujagi kwa kupanda polepole. Unakuja usiku mmoja. Bahari iliyopanda kidogo inakuwa imekiinua kila kitu, kujaa kwa kawaida, bamvua (yale maji yanayojaa kupita kawaida mwezi ukiwa mpevu au mwandamo), mawimbi, maji yanayosukumwa na upepo wa kimbunga. Dhoruba ikigongana na maji mafu, siku ambazo bahari inajaa kidogo, watu wanapona, ikigongana na bamvua wanazikwa. Usiku wa Januari 31 kuamkia Februari 1, 1953, dhoruba ya bahari ya Kaskazini ilikuja na bamvua, matuta ya Uholanzi yakapasuka watu 1,836 wakafa, na Uingereza wakafa zaidi ya 300. Novemba 1970 kimbunga Bhola kiliingia delta ya Ganges wakati maji yamejaa, waliokufa ni watu wasiopungua 300,000. Idadi hiyo mi kila nikiiona nanyamaza kwanza. Kimbunga Sandy kilipoipiga New York 2012 kilikuta mwezi mpevu na kujaa, na utafiti uliotoka 2021 ulikadiria kwamba sentimita kama 10 tu za bahari kupanda kwa sababu ya binadamu ziliongeza watu 71,000 waliofikiwa na maji na hasara ya dola bilioni 8. Sentimita 10! Ndo hivyo milimita zinavyolipwa. IPCC wanasema kufikia 2100 zaidi ya nusu ya vituo vya kupimia maji duniani vitaona angalau kila mwaka yale mafuriko ambayo zamani yalikuwa ya mara moja kwa karne.

Kuna hatari ya kimyakimya ambayo haipigwi picha, chumvi kisimani. Chini ya kisiwa au ufukwe wa mchanga maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kidogo, na kwa kukadiria, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba mita 40 za maji baridi chini yake. Ukishusha ile ya juu kidogo kwa kuvuta na pampu, chumvi inapanda mara 40 zaidi. Bahari ikipanda na ufukwe ukimomonyoka hilo tabaka linazidi kuwa jembamba, na wimbi moja kubwa likipita juu ya kisiwa linakiharibu kisima kwa miezi au zaidi. Kwa hiyo visiwa vidogo vingi watu wanaweza kukosa maji ya kunywa muda mrefu kabla ardhi haijazama, na mtu anayeuliza "kisiwa kitazama lini" anauliza swali la pili kabla ya la kwanza.

Tena visiwa vyenyewe havifanyi tunavyodhani. Watafiti walipolinganisha picha za Tuvalu za 1971 hadi 2014 waligundua eneo la ardhi kwa jumla liliongezeka karibu asilimia 3, mawimbi yanachukua mchanga na vipande vya matumbawe upande mmoja yanaweka mwingine. Wapo walioshangilia kwamba kumbe hakuna shida. Shida ipo, kisiwa kinachohama chini ya nyumba yako bado kinakuachia nyumba majini, na kinajengeka tu kama mwamba wa matumbawe uko hai unatengeneza mchanga. Kule visiwa vya Solomon, ambako bahari ilipanda kwa kasi kuliko wastani, utafiti wa 2016 ulihesabu visiwa vidogo vitano vyenye mimea vilivyotoweka kabisa.

Watu wananiuliza basi tujenge au tuhame. Inategemea pwani ipi na nani anaishi pale. Uholanzi wana fedha na wana taasisi za karne nyingi, wamejenga malango makubwa ya kuzuia dhoruba, lakini hata wao mwaka 2011 walimwaga mchanga mita za ujazo milioni 21.5 sehemu moja ya pwani na kuuacha mkondo wenyewe uusambaze, wameshaelewa kwamba kuulisha ufukwe kunasaidia pale ambapo kuufunga kungeuua. Medmerry, Uingereza, 2013 waliuvunja ukuta wa mbele kwa makusudi, bahari ikaingia ikatengeneza nyasi za majini, na tuta jipya likajengwa ndani zaidi kuzilinda nyumba. Bangladesh wanao ushahidi mchungu, matuta ya miaka ya 1960 yalizuia maji na tope pia, ardhi ya ndani ikabaki chini kuliko ya nje kwa mita 1 hadi 1.5, kimbunga Aila kilipolivunja tuta 2009 kuna maeneo yalikaa chini ya maji karibu miaka miwili. Sasa kuna sehemu wakulima wanafungua tuta kwa zamu ili mto uingize tope ardhi iinuke tena. Mi hiyo naiona ni akili kubwa kuliko malango ya mabilioni, na imetoka kwa watu wa kawaida wanaoijua delta yao.

Kuhama napo kuna mahali hakuepukiki, lakini kuhamishwa bila fidia ya maana, bila bahari kwa mvuvi, bila kijiji kizima kwenda pamoja, ni kumfanya mtu maskini alipe deni la moshi ambao hakuutoa. Na kabla hatujafika huko kuna jambo dogo linaloweza kufanywa na mamlaka yoyote ya pwani wiki hii. Jengo linaloombewa kibali leo litakaa miaka 60 au 70, kwa hiyo bahari ya kuweka kwenye hesabu ni ya 2090, pamoja na bamvua yake na dhoruba yake. Chora mstari wa ufukwe utakapokuwa wakati huo, ongeza ardhi ya mikoko kurudi nyuma, kisha ndo upime kiwanja. Mipango mingi niliyoiona inapima kutoka pale maji yanapofika sasa hivi, na fomu ya kibali yenyewe haina hata sehemu ya kuuliza maji yalikuwa yanafika wapi miaka 30 iliyopita.